Namba ya Tusajigwe

Matanga yalianuliwa Jumapili, na Jumatatu saa moja na nusu asubuhi Sedekia Mwasenga alikuwa ameshafungua mlango wa masjala. Wagonjwa waliopanga foleni barazani walisimama kumpa pole. Alizipokea mkono kwa mkono, akasema asante, akasema tumshukuru Mungu, kisha akaingia ndani, akavaa miwani, na kumwuliza mtu wa kwanza katika foleni anatoka kwa jumbe gani.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Itanji, juu ya barabara kuu ukishapita Iyunga, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Sedekia alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na mmoja kati ya hiyo aliitumia katika chumba kile akitunza kadi za wagonjwa. Mkewe, Tusajigwe, alikuwa ameingia wodi ya wanawake siku ya Jumanne, wiki mbili nyuma, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akilalamika tumbo. Sedekia ndiye aliyemtolea kadi. Jumamosi asubuhi Tusajigwe akafariki. Jumatatu hii kadi yake ilikuwa mezani pamoja na za wengine, katika lile sinia la mbao ambalo manesi hurudishia kadi zilizokwisha kazi, na Sedekia akairudisha kwenye droo yake kama alivyozirudisha nyingine.

Watu walisema Mwasenga ni mwanamume kweli, kajikaza. Hakuwa amejikaza. Mtu hujikaza akiwa na kitu kinachotaka kumtoka. Yeye ndani alikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: unaukanyagia sakafuni, unajua ni wako, lakini huusikii. Alikwenda kazini, alirudi, alikaa. Dada yake Ikupa, aliyekuja kutoka Tukuyu kwa ajili ya msiba, alipoona hali ile hakurudi kwake. Alibaki ampikie. Sedekia alikuwa akimega matonge matatu, manne, kisha ananawa.

"Kaka, chakula kibaya?"

"Kizuri."

"Mbona huli?"

"Nimekula."

Basi Ikupa alikuwa akifunika sahani.

Sasa, masjala ile ilikuwa na mpango wake. Kulikuwa na kabati nne za mninga zenye droo arobaini, na kila droo ilibandikwa jina la jumbe wa zamani, isipokuwa ya mwisho, ya watu wa mbali. Ndani ya droo kadi zilifuata vijiji, na ndani ya kijiji zikafuata kaya. Enzi za ukoloni mpango ule ulifaa, maana kila mtu alijua jumbe wake. Lakini majumbe walishaondolewa, na mwaka wa sabini na nne ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Watu walibebwa na malori pamoja na vyungu na kuku wao, vijiji vingine vikabaki magofu na mashina ya migomba, na vijiji vipya vikapewa majina ya Umoja, Azimio, Maendeleo. Mgonjwa anafika dirishani anasema anatoka Umoja. Umoja wapi? Pale Umoja walikuwa wamekusanywa watu wa majumbe watatu. Sedekia pekee ndiye aliyeweza kumtazama mtu, akamwuliza jina la babu yake, akanyoosha mkono kwenye droo sahihi. Akiugua Sedekia, hospitali nzima inaugua.

Mwezi wa nne, katibu wa hospitali, kijana mmoja wa miaka thelathini aliyeitwa Edmund, alimwita ofisini.

"Mzee Sedekia, masjala yetu haiko kwenye kabati. Iko kichwani mwako. Na kichwa mtu hakiachi ofisini akifa." Alipolitamka neno hilo alishtuka mwenyewe. "Samahani, mzee. Sikukusudia."

"Si kitu," alisema Sedekia, na kweli hakikuwa kitu.

Edmund alieleza kwamba hospitali ya misheni mwenzao kule Iringa ilikwisha kubadili mpango. Kila mgonjwa anapewa namba moja ya maisha, ahame asihame, aolewe asiolewe, na kadi hupangwa kwa namba. Alitaka Sedekia aende akajifunze wiki mbili, kisha aje aibadili masjala ya Itanji. Hospitali haitafungwa hata siku moja. Kadi elfu kumi na moja na ushee zihame kutoka mpango wa kale kwenda mpango mpya huku wagonjwa wanaendelea kuhudumiwa.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

Mwezi wa sita alipanda basi kwenda Iringa. Baridi ya kule ilikuwa kali kuliko ya kwao, yenye upepo. Mkuu wa masjala aliitwa Antoni, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi nje, na walifahamiana tangu zamani. Mwaka wa sitini na nane Antoni alipita Mbeya kwa safari ya kazi akalala kwa Sedekia siku mbili, na Tusajigwe alimpikia ndizi zilizochanganywa na maharage mpaka akafungua mkanda. Kwa hiyo neno la kwanza Antoni alilouliza, akiwa bado ameshika mkono wa mgeni wake, lilikuwa:

"Shemeji yangu hajambo?"

"Hajambo," alisema Sedekia.

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kama salamu. Angesema vingine, ingebidi asimulie tena ya Jumanne hadi Jumamosi, ashikwe mkono, atazamwe usoni, na alishayasimulia hayo kwa watu wengi hata maneno yakawa kama ya mtu mwingine. Akadhani atalisahihisha baadaye. Siku ya pili Antoni hakuuliza, ya tatu hakuuliza, na lile hajambo likakaa mahali pake.

Kazi aliielewa upesi. Namba ilikuwa na tarakimu sita, na za kutazama kwanza zilikuwa mbili za mwisho. Kulikuwa na visanduku mia moja ukutani, tangu 00 hadi 99. Namba ikiishia na 28, unakwenda kisanduku cha 28. Kwa aliyesahau namba yake kulikuwa na vikadi vidogo vya majina vilivyopangwa kwa alfabeti. Hata karani aliyeanza kazi asubuhi ile ile angeweza kuipata kadi kabla ya adhuhuri.

"Hayo ni mepesi," alisema Antoni. "Kazi iko kwenye kuhama. Sisi tulikosea, nikuambie ukweli. Tulifurahia kipya tukachoma cha zamani wiki ile ile. Kuna kadi mpaka leo hatujui ziko wapi, na wenyewe wako hai wanatuuliza. Wewe usiguse kadi hata moja kabla hujanakili majina yote kwenye daftari. Halafu kila kadi unayoitoa droo ya zamani, acha karatasi mahali pake, iseme imehamia namba fulani. Na kabati za zamani zisitoke chumbani mpaka mimi nije nizikague zile mpya. Wakikusukuma, waambie Antoni kakataa."

"Na waliofariki?"

"Hao hawapewi namba. Kadi unaigonga muhuri wa marehemu, unaiweka sanduku la peke yake. Namba ni za walio hai."

"Nimekuelewa."

Siku ya kuondoka mke wa Antoni alikuja stendi. Alimsalimu kwa kamwene ya Kihehe, akamkabidhi kikapu cha ukindu kilichosukwa kwa mkono, chenye mistari ya zambarau.

"Mpelekee mwenzangu. Mwambie nimesikia sifa za mapishi yake."

Sedekia alikipokea kwa mikono miwili. Alikipakata magotini Mafinga ikapita, Makambako ikapita, mpaka akashuka Mbeya. Ikupa alipokiona aliuliza ni cha nani.

"Chako," alisema Sedekia.

Kazi ilianza. Seremala wa misheni alitengeneza visanduku mia moja upande wa kushoto wa chumba, na kabati za mninga zikabaki kulia, na meza ya Sedekia ikawa katikati. Alinunuliwa kauntabuku sita nene. Wiki tatu hakuhamisha kitu, alinakili tu: jina, jina la baba, kijiji, jumbe. Edmund alipita akachungulia, akaona visanduku vipya bado vitupu.

"Mzee, tunaanza lini?"

"Nimeshaanza."

Alipomaliza kunakili alianza kuhamisha, droo kwa droo, kadi mia mbili na hamsini kwa siku, mia tatu siku zisizo na wagonjwa wengi. Anatoa kadi, anaandika namba, anaandika kikadi cha jina, anakata kipande cha karatasi ya rangi ya chungwa anakiacha pale kadi ilipotoka, anakwenda kushoto kuiweka. Kazi ile ilimfaa. Haikumtaka afikiri wala ahisi. Waliofariki aliwajua wengi kwa sura. Muhuri, sandukuni, anayefuata.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, mchana, alifika kwenye kadi iliyoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: Tusajigwe, binti Mwakibete, mke wa S. Mwasenga. Chini yake kulikuwa na malaria ya mwaka wa hamsini na nane, uzazi mara nne, jino, kidonda cha jembe mguuni, kisha tumbo. Muhuri ulikuwa upande wa kulia wa meza. Namba iliyofuata ilikuwa 00 41 17. Mkono wake ukaandika 00 41 17. Akaandika kikadi cha jina, akakata karatasi ya chungwa, akaenda kisanduku cha 17 akaiweka kadi kati ya wenzake. Aliporudi mezani kadi iliyofuata ilikuwa ya mzee mmoja mwenye ngiri, naye akampa 00 41 18.

Hakujiambia kwamba amedanganya. Hakujiambia lolote.

Mwezi wa nane kadi zote zilikuwa zimehama. Edmund alifurahi mno, na siku ile ile akataka kabati za zamani zitolewe. Wodi ya watoto haikuwa na mahali pa kuwekea mablanketi, na mninga ule ungefaa.

"Hapana," alisema Sedekia.

"Kwa nini? Si kila kitu kimeshahamia kushoto? Mule mmebaki makaratasi ya chungwa tu."

"Antoni kakataa. Mpaka aje."

"Antoni ni mkuu wa masjala ya Iringa. Mimi ndiye katibu wa hapa."

"Ndiyo, ndugu katibu," alisema Sedekia, na akaendelea kupanga vikadi vya majina. Hakupandisha sauti. Edmund aliwazoea watu wa kubishana nao, lakini mtu huyu hakuwa na pa kushikia. Akasema basi, mpaka mwezi wa kumi, akaondoka.

Siku ya tisa baada ya mazungumzo hayo, saa nne asubuhi, aliletwa mtoto wa miaka sita anayehema kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Mama yake alikuwa Msukuma wa bonde la Usangu, jina lake Mbuke. Walikuwa wamesafiri tangu juzi, kwanza kwa mkokoteni wa ng'ombe, kisha kwa lori la mpunga. Mganga wa zamu, Yohane, alimsikiliza mtoto kifua akasema ni nimonia, achomwe penisilini mara moja, na mama aende masjala kutoa jina.

"Mtoto anaitwa nani?" aliuliza Sedekia.

"Maganga wa Kashindye."

"Amewahi kutibiwa hapa?"

"Amewahi. Alipokuwa mdogo."

Sedekia alifungua vikadi vya majina. Maganga walikuwapo wengi, wa Kashindye hakuwapo. Karani mwingine angeandika kadi mpya, na kwa mpango mpya asingekuwa na kosa. Sedekia mwenyewe alikuwa ameshaivuta kadi tupu. Lakini mazoea ya miaka ishirini na mmoja yakauliza kabla yake.

"Zamani mlikuwa mnakaa wapi?"

"Makongolosi. Baba yake alikuwa anachimba dhahabu. Tulihamia Usangu na ng'ombe mwaka juzi."

"Na huyu, ameitwa Maganga tangu kuzaliwa?"

Mbuke alisita. "Hapana, baba. Aliitwa Nkuba. Alipougua vile akaponea chupuchupu, wazee wakasema jina lile limemkataa. Tukampa la babu."

Sedekia alitafuta na Nkuba kwenye vikadi, hakumwona palipostahili; akageukia kulia, kwenye kabati za zamani, droo ya mwisho chini, iliyoandikwa Chunya na Wageni. Kadi haikuwamo, ila karatasi ya chungwa ilikuwamo: Nkuba wa Kashindye, mama Mbuke, Makongolosi, 01 03 62. Akaenda kushoto, kisanduku cha 62. Kadi ilikuwa ya mwaka wa sabini na mbili, na katikati yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu na kupigia mistari miwili: ASICHOMWE PENISILINI. ALIVIMBA USO NA KOO, ALIKATA PUMZI.

Alitoka. Watu waliokuwa barazani baadaye walisema hawakuwahi kumwona Mwasenga akikimbia, na siku ile pia hakukimbia hasa. Alitembea upesi, kadi mkononi, akafungua pazia la chumba cha sindano bila kubisha. Nesi alikuwa ameshampaka mtoto spiriti.

"Acha," alisema Sedekia, akampa Yohane kadi.

Yohane alisoma mara moja, akaichukua sindano mkononi mwa nesi, akaiweka kando. Kisha akaagiza dawa nyingine, akamgeukia Mbuke.

"Mama, kwa nini hukusema kwamba sindano ilimdhuru?"

"Sindano?" alisema Mbuke. "Mimi nilijua ni ugonjwa ndio uliomkaba. Hakuna aliyeniambia ni sindano."

Mtoto alilazwa siku kumi akapona. Mbuke alikuja masjala kuaga, akapiga magoti mlangoni kwa desturi ya kwao, na Sedekia akamwambia inuka mama, akamwandikia namba kwenye kipande cha karatasi ngumu na chini yake onyo la penisilini kwa herufi kubwa, akamwambia popote utakapokwenda ionyeshe. Hospitali nzima ilimsifu. Edmund alimshika mkono mbele ya wafanyakazi wote akasema juu ya kabati nimekosa. Sedekia aliitikia. Alijua kwamba jambo lile ni kubwa, alilijua kama mtu ajuavyo kwamba mlima Rungwe ni mrefu. Moyoni hakukutikisika kitu. Nyumbani alikula matonge manne akanawa.

Mwezi wa kumi Antoni alifika kukagua. Asubuhi nzima alitaja namba ovyo ovyo, hamsini, na Sedekia akazitoa. Arobaini na tisa zilikuwa mahali pake; moja, inayoishia na 86, ilikutwa katika 68. Antoni alicheka.

"Mwenzangu, sisi tulikosa tisa! Kabati zitolewe, mablanketi yapate nyumba." Akachukua kofia yake. "Sasa twende nikamsalimie shemeji. Tangu juzi ninaota zile ndizi."

Sedekia alifunga mlango wa masjala. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Alikuwa na dakika kumi na tano za kusema, na Antoni alizijaza zote kwa habari za Iringa. Walipofika, Ikupa alikuwa uani akipepeta maharage katika ungo, kikapu chenye mistari ya zambarau kikiwa kando yake.

"Ugonile," Antoni alimsalimu kwa Kinyakyusa cha kubahatisha, akicheka. "Wewe ni wifi mtu, bila shaka. Shemeji yuko wapi?"

Ikupa alimtazama mgeni, kisha akamtazama kaka yake.

"Shemeji yupi?"

"Tusajigwe. Mke wa huyu."

Ungo ulisimama. "Kaka," alisema Ikupa polepole, "hukumwambia?" Kisha akamgeukia Antoni. "Baba, karibu ukae. Tusajigwe tulimzika mwezi wa pili."

Antoni hakukaa. Aligeuka, na kicheko kilikuwa bado hakijamtoka vizuri usoni. "Mwezi wa sita ulikuja kwangu. Nilikuuliza. Mke wangu akakupa kikapu."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Sedekia?"

"Sijui," alisema Sedekia. "Ulivyouliza, ilikuwa rahisi." Kisha akaongeza, "Kadi yake nimeipa namba."

Ikupa hakuelewa. Antoni alielewa. Alikaa sasa, kwenye gogo, akavua kofia, akalia, mtu mzima mnene, bila kujificha, kwa ajili ya mwanamke aliyempikia siku mbili miaka minane iliyopita. Sedekia alisimama akimtazama kama mtu anayetazama mvua kwa mbali. Aliona wivu kidogo. Ndicho kitu cha kwanza alichokiona ndani yake tangu mwezi wa pili.

Asubuhi iliyofuata, kabla foleni haijapangwa, Antoni alikuja masjala. Hakumhubiria. Aliuliza namba ngapi, na Sedekia akasema 00 41 17.

"Itoe wewe," alisema Antoni. "Namba haitapewa mtu mwingine, hiyo ndiyo sheria. Itabaki yake. Lakini kadi haiwezi kukaa na za watu tunaowangoja."

Sedekia alikwenda kisanduku cha 17. Aliileta mezani, akaisoma yote, uzazi mara nne, jino, jembe, tumbo. Akagonga muhuri. Mstari wa tarehe ulikuwa mtupu, maana ile Jumatatu ya kwanza hakuujaza, na hakuna mwingine aliyethubutu. Akaandika tarehe ya Jumamosi ile. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Aliniomba maji nikaenda kumtafuta nesi aniruhusu. Niliporudi alikuwa amekwisha." Hilo hakuwahi kumwambia yeyote, si Ikupa, si wanawe, wala wale wote waliomshika mkono.

"Pole, mwenzangu," alisema Antoni.

"Asante."

Akavuta kiti, akakaa. Hakulia. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kukohoa barazani, ndipo Antoni akafungua dirisha na kuanza kuwahudumia yeye mwenyewe, mgeni, akiuliza namba na kutoa kadi bila kumsumbua mtu. Walimaliza foleni saa sita.

Kabati zilitolewa wiki ile. Sedekia alizikusanya karatasi za chungwa zote, akazifunga kwa kamba droo kwa droo, akaziweka kwenye sanduku juu ya rafu, na Edmund hakuuliza. Mwaka uliofuata hospitali iliajiri karani wa pili, msichana aliyemaliza darasa la saba, naye aliweza kuitafuta kadi yoyote siku ya kwanza. Sedekia alianza kuchukua likizo.

Ila siku ile ile ya muhuri, Antoni alipoondoka, Sedekia alirudi nyumbani saa saba. Ikupa alimtengea ugali na maharage, akakaa pembeni akisubiri kufunika sahani. Alimega tonge la nne, la tano, la tisa. Alipomaliza alisukuma sahani mbele.

"Chumvi imepungua," alisema.

"Imepungua," alikubali Ikupa, akainuka kumwongezea.